Nyumba inanuka hata ukichoma udi: kutafuta chanzo kwa dalili

Miezi mitatu mizima nilikuwa nanunua makopo ya marashi ya kupuliza kwa ajili ya choo kimoja tu, cha wageni, ambacho hata hakitumiki kila siku. Tunakaa Tanga, nyumba ya vyumba vitatu, si mbali na bahari. Kila nikipuliza, harufu ya maua inakaa robo saa, halafu chini yake inachomoza ile nyingine, ya yai viza. Mwanangu wa pili ana pumu, na siku nilizopuliza alikohoa hadi alfajiri. Fundi niliyemwita aligonga vigae, akasema, "Mama, bomba limepasuka chini, lazima tuvunje sakafu." Alitaja bei iliyoninyima usingizi. Siku chache baadaye mama mkwe wangu alikuja kutusalimia kutoka Pemba. Aliingia mle chooni, akakitazama kile kitundu cha sakafuni cha kupitishia maji, akaomba ndoo iliyojaa. Akaimimina yote taratibu. "Acha mlango wazi mpaka laasiri, mwanangu." Laasiri harufu haikuwepo. Haijarudi mpaka leo, kwa sababu kila Ijumaa namimina maji pale.

Tangu siku ile niliacha makopo. Harufu ikizuka naifuata mpaka niione inakotoka, na sasa hata majirani huniita nikawanusie nyumba zao. Kiswahili kina kunuka na kina kunukia, na wengi wetu tunakimbilia cha pili kabla hatujamaliza cha kwanza. Udi uliochomwa kwenye chumba chenye kuvu hutoa harufu ya tatu, nzito kuliko kuvu yenyewe.

Kwanza ipime pua yako

Pua huzoea. Ukikaa ndani dakika chache huisikii tena harufu iliyopo muda wote, ndiyo maana mgeni anaisikia mlangoni na mwenye nyumba haisikii. Ukitaka kuijua nyumba yako, funga madirisha na milango ya vyumba usiku. Asubuhi na mapema toka nje, tembea nusu saa, kisha rudi. Usiwashe jiko wala kufungua dirisha. Pumzi mbili tatu za mwanzo ndizo za kutegemea. Ingia chumba kimoja kimoja, nusa ukiwa umesimama, kisha chuchumaa unuse karibu na sakafu, halafu fungua kabati. Ukiwa na shaka mwite mtoto, maana mtoto hana haya ya kukwambia.

Angalia pia harufu inazidi saa ngapi. Inayozidi mvua ikinyesha ni ya unyevu. Inayozidi jioni, upepo ukitulia, mara nyingi ni ya chemba. Inayokuja kifaa kikiwashwa ni ya kifaa hicho. Inayoongezeka siku hadi siku, kisha inzi wakubwa wakaanza kugonga vioo vya dirisha, ni ya mnyama aliyekufa mahali usipopaona.

Harufu ya yai viza

Kama unaisikia jikoni, acha kusoma na uende kwenye mtungi wa gesi. Gesi ya kupikia kwa asili yake haina harufu. Hutiwa makusudi kemikali ya salfa inayonuka kama kabichi iliyooza au yai bovu, ili uvujaji ujulikane mapema. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama chini, karibu na sakafu, hata kabla pua ya mtu aliyesimama haijaisikia vizuri. Usiwashe taa wala usiizime, usiwashe kiberiti, usichomoe friji. Funga valvu, fungua milango na madirisha, toa watu nje. Gesi ikishatoka yote ndani ya nyumba, pakaza povu la sabuni kwenye mpira na kwenye kichwa cha mtungi huku valvu ikiwa wazi na majiko yamezimwa. Panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Mtungi unaokaribia kuisha hunuka zaidi kwa sababu ile kemikali hubaki chini kwa wingi, lakini hata hapo nafanya kipimo cha povu. Sijawahi kujuta kupoteza dakika tano kwa jambo hili.

Kama harufu inatoka chooni, bafuni au kwenye sinki, mtuhumiwa wa kwanza ni trapu. Chini ya kila sinki, beseni na kitundu cha sakafu panatakiwa kuwa na bomba lililopinda kama shingo ya bata. Maji yanabaki kwenye pindo hilo, kina chake kama sentimita 5, na hayo ndiyo mlango unaozuia hewa ya chemba isipande nyumbani. Choo au bafu lisipotumika wiki tatu nne, kwa joto letu la pwani maji hayo hukauka. Nywele zilizonasa nazo huyavuta polepole kama utambi unavyovuta mafuta. Mlango ukishafunguka, hewa ya salfa inapanda. Hayo ndiyo yaliyokuwa chooni kwangu, na dawa yake ilikuwa maji yenyewe. Ukisafiri muda mrefu, mimina maji kwanza, kisha kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia. Mafuta huelea juu na kuyazuia maji yasikauke haraka.

Kipimo chake ni rahisi. Mulika kitundu kwa tochi ya simu. Ukiona maji yanameta, trapu inafanya kazi. Ukimimina ndoo nzima na bado huoni kitu ila giza, basi aliyejenga hakuweka trapu kabisa, na hilo nimeliona katika nyumba zaidi ya moja za kupanga. Hapo fundi anahitajika kweli, lakini kwa kazi unayoijua na unayoweza kumwelekeza.

Trapu ina maji na bado harufu ipo? Sikiliza. Ukivuta maji ya choo, sinki ikatoa mlio wa kubwabwaja, hewa inatafuta njia kwa sababu bomba la hewa limeziba au chemba imejaa. Bomba hilo ni lile linalopanda ukutani hadi juu ya paa. Ndege hujenga ndani yake, majani huingia, na mafundi wengine hulikata likaishia usawa wa dirisha la jirani. Litiwe wavu mdomoni na lipite juu ya paa. Kama vyoo na sinki zote zinakwenda polepole kwa wakati mmoja, ita gari la kunyonya majitaka. Kamwe usimruhusu mtu ashuke ndani ya shimo au chemba kuangalia, hata akiwa hodari namna gani, wala mwingine asimfuate kumwokoa. Hewa ya mle inaua kwa dakika chache, na mwenye kuivuta kwa wingi huacha kuisikia harufu yake kabla hajaanguka.

Choo cha kukaa kinachotikisika ukikikalia nacho kinavujisha hewa pale kinapoungana na sakafu. Kifungwe upya.

Vumba jikoni

Samaki wa baharini ana kitu mwilini ambacho vijidudu hukigeuza kuwa trimethilamini, na hiyo ndiyo shombo. Iko upande wa magadi, si upande wa asidi. Ndiyo maana ndimu inafanya kazi: asidi ya ndimu huishika shombo na kuigeuza kuwa chumvi isiyoruka hewani. Mama zetu waliosugua ubao wa kukatia kwa kipande cha ndimu na chumvi hawakuwa wakifunika kitu, walikuwa wakikiondoa. Sabuni peke yake haifiki hapo, kwa kuwa nayo iko upande ule ule wa magadi. Kwa hiyo nawa mikono kwa ndimu au siki kwanza, sabuni baadaye. Ubao wa mbao ukishasuguliwa, uoshe, uuanike wima juani. Maji ya kuoshea samaki usiyamwage kwenye sinki ya ndani ukiwa na mahali pengine. Mimi humwagia migomba.

Vumba likiendelea baada ya samaki kuliwa na vyombo kuoshwa, chunguza mambo matatu kwa mpangilio huu: kitambaa cha kufutia, pipa la taka, kisha bomba la sinki. Kitambaa ndicho chanzo mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kichemshe dakika kumi, kianike kikauke kabisa, na uwe na viwili vya kupokezana. Bomba la sinki lina utando wa mafuta yaliyoganda, na taka zimejishika humo. Fungua ule mfuniko wa chini ya sinki ukiwa umekinga ndoo, toa uchafu kwa mkono wenye glavu, kisha mimina maji ya moto yenye sabuni. Ya moto, lakini yasiwe yanayochemka, kwa sababu bomba la plastiki hulegea.

Watu wengi hushauri kuchanganya siki na bekingi soda, halafu hufurahia povu. Povu lina nguvu ya kusukuma kidogo, basi. Siki na soda zikikutana huuana, na kinachobaki ni maji ya chumvi. Vitumie kwa zamu. Siki na ndimu ni za shombo na mkojo, soda ni ya maziwa yaliyochacha, jasho na mafuta yaliyoharibika. Na siki au ndimu isikutane na Jik hata siku moja, inatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Bado kuna vumba ambalo halina samaki. Kama nyumba inanuka samaki na hujapika samaki, gusa soketi na plagi kwa mgongo wa kiganja. Plastiki ya vifaa vya umeme ikipata joto kupita kiasi hutoa harufu inayofanana sana na ya samaki au ya mkojo. Ukikuta soketi ya moto au yenye doa la rangi ya chai, zima meni swichi na umwite fundi umeme siku hiyo hiyo. Nyumbani kwa shemeji yangu walipiga deki jikoni siku nne mfululizo kwa ndimu, na kumbe ilikuwa plagi ya pasi.

Kabati, kuta na nguo za masika

Hapa ndipo penye kazi kubwa kwa sisi wa pwani. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, unyevu wa hewa hukaa juu sana siku hadi siku, na ukipita asilimia 70 kwa muda, kuvu huota kwenye ngozi, mbao, nguo na karatasi. Utaijua kwa harufu ya gunia lililolowa. Baadaye ndipo yanapoonekana madoa meusi nyuma ya kabati au vumbi la kijani kwenye viatu.

Chanzo cha kawaida kabisa ni kabati lililobanwa kwenye ukuta wa nje. Ukuta ule hupoa usiku, hewa iliyofungwa nyuma ya kabati hutoa umande, na pale hapakauki. Livute kabati mbele upana wa kiganja, liinue kwa vipande vya tofali, uache milango yake wazi saa moja kila siku. Sikuamini mabadiliko niliyoyaona kwa kufanya hivyo tu. Kisha punguza nguo. Kabati lililoshonana halina hewa, na nguo zinagandana kama tende kwenye kanda.

Chanzo cha pili ni nguo zenyewe. Zikianikwa ndani siku za mvua, maji yote yanayotoka kwenye nguo yanaingia kwenye hewa ya nyumba, lita moja au mbili kwa fuo moja. Zianike barazani au chumba kimoja chenye dirisha wazi na mlango umefungwa. Zikishavunda, kuzipiga pasi hakusaidii, harufu inarudi pindi mwili ukitoa jasho. Ziloweke nusu saa kwenye maji yenye kikombe cha siki kwa ndoo, zifue tena, zianike juani. Usizirudishe kabatini zikiwa vuguvugu kutoka kwenye pasi, ziache zipoe kwanza, maana ule mvuke ndio unaobaki ndani.

Chanzo cha tatu ni ukuta. Nyumba za zamani za Lamu, Mombasa na Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa tena, unapumua. Mtu akija akaupiga lipu ya saruji na rangi ya mafuta, ule unyevu unakosa pa kutokea. Rangi inatoa malengelenge, chumvi nyeupe inachomoza, chumba kinaanza kunuka pango. Kusafisha kila wiki hakumalizi. Kinachomaliza ni kubandua saruji, kuuacha ukuta ukauke, na kurudi kwenye lipu na rangi ya chokaa. Chokaa mbichi ni kali kwa kuvu, ndiyo maana wazee walipaka kila mwaka. Tahadhari ni kwamba ukuta wa chokaa, marumaru na terazo havipendi siki. Asidi inavila. Huko tumia maji ya sabuni na brashi, kisha kausha. Kwenye vigae na plastiki, siki isiyozimuliwa ikae saa nzima ndipo ufute. Funika pua kwa kitambaa unaposugua, na usifagie kuvu ikiwa kavu.

Halafu kuna upepo, ambao hauna bei. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na kusi huvuma kutoka Aprili au Mei hadi Septemba. Fungua dirisha la upande unakotoka upepo na jingine la upande wa pili, ndipo hewa inapopita. Dirisha moja peke yake hewa inaingia na kusimama. Siku za mvua chagua zile saa mbili tatu za jua, fungua kila kitu, hata droo, kisha funga mvua inaporudi. Kwa wenye kiyoyozi, ukiona kinatoa harufu ya soksi, osha chujio kila wiki mbili na kiache kipulize feni tupu nusu saa kabla ya kukizima ili kikauke ndani.

Friji

Nimeosha friji mara tatu kwa wiki moja na harufu ikarudi mara tatu. Chanzo kilikuwa nyuma, juu ya mashine, kwenye kile kisahani kinachopokea maji ya barafu iliyoyeyuka. Umeme ulikatika siku nzima, damu ya nyama ikayeyuka, ikapita kwenye tundu la ndani hadi kule. Watu wengi hawajui kama kisahani hicho kipo. Chomoa friji, livute, kioshe. Tundu lenyewe lizibue kwa maji ya uvuguvugu yenye soda. Kisha chukua mswaki wa zamani upitie mikunjo ya raba ya mlango. Ndani osha kwa vijiko viwili vya soda kwa lita ya maji vuguvugu, bila sabuni yenye manukato, vinginevyo siagi itanukia sabuni.

Mkaa kwenye bakuli husaidia, ingawa mkaa wetu wa kawaida hauna nguvu kama ule uliotengenezwa maalumu kwa kunyonya. Ponda vipande vikavu, badilisha kila mwezi. Fenesi na doriani sivihesabu kuwa tatizo. Vifunike, na vikiisha fungua madirisha.

Godoro la mtoto

Mkojo mpya haunuki sana. Vijidudu huigeuza urea kuwa amonia, na hapo ndipo macho huwasha. Lakini kuna sehemu nyingine, asidi ya yuriki, ambayo hukauka kama punje ndogo ndani ya sponji, na maji na sabuni haviimalizi. Ndiyo sababu godoro linaonekana limepona kiangazi, na masika linanuka upya. Unyevu umezifufua zile punje.

Mtoto akikojoa, kamua kwanza kwa taulo kavu, ukikandamiza kwa goti, bila kusugua. Kisha mimina siki na maji nusu kwa nusu, mchanganyiko ufike kina kile kile mkojo ulipofika. Hapa ndipo watu wanapokosea, wananyunyiza juu tu wakati mkojo uko chini sentimita kumi. Kamua tena, toa godoro nje, juani, ligeuze. Siku mbili kwa sponji, na lile la sufi lipigwe kwa fimbo likishakauka, sufi iachane. Likikauka kabisa, nyunyiza soda usiku kucha, asubuhi ikung'ute. Usitumie Jik kwenye mkojo, mvuke wake ni hatari. Na tafadhali, mtoto asiaibishwe kwa godoro. Mwekee plastiki chini ya shuka, maisha yaendelee.

Juu ya dari

Harufu tamu na nzito inayokaba koo, inayozidi mchana paa likipata moto, ni panya aliyekufa. Itadumu wiki moja hadi tatu kulingana na ukubwa wake. Fuata inzi, tafuta doa kwenye siling'i bodi, panda na glavu na mfuko. Ukishamtoa, sugua pale kwa maji ya sabuni, acha soda ikae. Sumu ya panya ndiyo inayoleta shida hii, kwa sababu anakula jikoni na kwenda kufia usikofika. Mtego unakuonyesha alipo.

Harufu kali ya amonia pamoja na vinyesi vidogo vyeusi chini ya mbao za paa ni popo. Usifagie vinyesi vikavu, vumbi lake linaweza kuleta ugonjwa wa mapafu. Nyunyiza maji kwanza, vaa barakoa, ondoa. Matundu yazibwe jioni wakishatoka, na ungojee kama wana watoto, maana utawafungia ndani, kisha urudi kwenye tatizo la panya.

Sasa nyumba inukie

Nyumba isiyonuka haihitaji vingi. Mama mkwe wangu huja na makonyo ya karafuu, vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Bei yake ni ndogo kuliko karafuu yenyewe na mafuta yamo, hata Pemba hukamuliwa kuwa mafuta. Natia konzi moja kwenye kifuko cha kitambaa chepesi, moja kila rafu ya kabati. Nondo hawaipendi harufu yake. Ikififia navisugua vijiti kwa kiganja, inaamka.

Vile vidonge vyeupe vya naftalini niliviacha nilipojua jambo moja. Watoto wachanga wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao si haba katika nchi zenye malaria kama zetu, wanaweza kupasukwa na chembe nyekundu za damu kwa kuvaa nguo zilizohifadhiwa na vidonge hivyo. Kama nguo za mtoto zilikaa navyo, zifue, zianike siku nzima kabla hajavaa, na mtoto akigeuka manjano mpelekeni hospitali mara moja.

Udi na ubani naupenda, lakini nasema wazi kwamba moshi ni moshi, hata ukitoka kwenye mti uliobarikiwa. Nachoma mara moja kwa wiki, dirisha likiwa wazi, mwanangu mwenye pumu akiwa kwa jirani, na chetezo nakitoa nje udi ukiisha. Makaa yanayoendelea kuwaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu yoyote, na hiyo haimwamshi aliyelala. Siku nyingine nachemsha mchaichai na maganda ya ndimu kwenye sufuria isiyofunikwa, robo saa, na mvuke ukishaenea nazima.

Kinachobaki ni asumini. Saa kumi na moja jioni yanakuwa bado vichwa vilivyofumba, vyeupe vyenye ncha ya waridi. Nachuma kama ishirini, kabla jua halijazama, nayaweka kwenye sahani pana yenye maji kina cha nusu kidole, nayapeleka chumba cha wageni, jirani na kile choo. Kufikia Isha yamefumbuka yote.